Mwosha Vikombe wa Meza ya Bwana

Mimi nina ugonjwa mmoja ambao miaka thelathini na minne ya kufundisha sayansi haikuuponya. Swali likiniingia kichwani halitoki mpaka lipate jibu. Wanangu wananiita mama mdaku, nami nawaambia wamekosea: mdaku hutaka habari akazigawe, mimi hutaka kujua tu, nikishajua natulia. Haya ninayoyaandika hapa nimeyaandika kwa ruhusa ya wenyewe wawili, na mmoja wao alinipa ruhusa hiyo huku akikatakata vitunguu na kuniambia nisimfanye malaika.

Kanisa liliponichagua kuwa mzee wa kanisa wa wilaya ya Muthangari, nadhani waliopiga kura walijua wanachojitafutia. Kwetu wilaya ni nyumba thelathini, arobaini hivi za waumini, na mzee ndiye anayezijua. Mara nne kwa mwaka tuna Meza ya Bwana. Wiki moja kabla, mzee humpelekea kila mshiriki kadi yake. Jumapili unaitia kadi kikapuni pale mlangoni, unaketi, unaletewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha zabibu. Kadi isiyofika kikapuni maana yake ni kwamba kuna mtu hakushiriki, na mzee hana budi kwenda kumwuliza. Ni mgonjwa? Amesafiri? Amenuniana na mkewe? Kazi hiyo ilinifaa sana.

Mzee aliyenitangulia, Wambua, alinikabidhi sanduku la kadi ambazo hazikutumika, zimefungwa kwa mipira, kila mtu na fungu lake. Mafungu mengi yalikuwa membamba, kadi mbili au tatu za mwaka wa kujifungua au wa kulazwa. Moja lilikuwa nene hata halikushikika kwa mkono mmoja. Juu yake jina lilikuwa Ephantus Mbugua. Nilizihesabu mara mbili zile kadi. Zilikuwa sabini na nane. Ukiondoa zile Meza zilizokosekana wakati wa korona, mtu huyu hakuwa ameshiriki tangu mwaka wa 2004.

"Wambua, huyu vipi?" nikauliza.

"Huyo? Huwa anachukua kadi, halafu Jumamosi ananirudishia. Kila mara."

"Na hukuwahi kumwuliza kwa nini?"

"Mtu ana adabu hivyo, Mwalimu, utamwulizaje?"

Nilitamani kumpiga kwa lile sanduku.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Ephantus hakuwa mtu wa kupotea kanisani. Ephantus ndiye mwosha vikombe wetu. Kila Jumamosi kabla ya Meza utamkuta jikoni mwa kanisa na vikombe mia tatu na hamsini vya kioo, vidogo hata kidole gumba hakiingii vizuri. Huviosha kimoja kimoja, akavifuta kwa kitambaa cheupe, akakiinua kila kimoja dirishani kuona kama kuna alama. Mkate pia huukata yeye. Ibada ya Meza ikianza, hurudi jikoni kusubiri vyombo. Sote tulidhani anakula huko na wahudumu. Wahudumu nao walidhani amekula huku na sisi.

Tena hakuna aliyemtenga. Kanisa letu lina utaratibu wake. Mtu akianguka, baraza la wazee humweka kando kwa muda, kisha hurudishwa kundini mbele ya watu wote, akapigiwa na makofi. Nilipekua daftari la baraza tangu mwanzo hadi mwisho. Jina la Ephantus halikuwamo hata mara moja. Huyu alikuwa amejihukumu mwenyewe, na kifungo akajipa mwenyewe, wala hakuna aliyejua kosa. Nilienda kwake Jumatatu asubuhi.

Kitalu chake cha miche kiko kando ya barabara, chini ya ukuta wa jengo la ghorofa kumi na mbili ambalo bado linapakwa rangi. Ana miaka sitini na mitatu, ni mfupi, na huvaa gambuti hata siku za jua kali. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita, na binti yao Shiko ni muuguzi Nakuru. Huuza waridi, milimau ya kupandikizwa, na mimea ya vyungu ambayo vijana wa Kilimani huja kuichukua kwa ajili ya roshani zao. Nilimkuta na msichana mmoja aliyerudisha chungu chenye mmea uliolala chali.

"Ulikuwa unaipa maji?" Ephantus alikuwa akimwuliza.

"Kila siku, mzee. Asubuhi na jioni."

"Basi uliiua kwa mapenzi. Chukua hii nyingine, na hii uisahau kidogo."

Msichana alipoondoka niliweka lile fungu la kadi juu ya meza yake ya vipande vya mbao.

"Ephantus, hizi ni zako."

"Ni zangu," akasema.

"Mbona?"

Alivua kofia, akaivaa tena. "Mwalimu, unajua wewe ndiwe mtu wa kwanza kuniuliza? Niliapa kwamba siku mtu akiniuliza sitamdanganya. Lakini pia sikwenda kumtafuta wa kuniuliza."

Akanivutia ndoo iliyopinduliwa, nikakaa, akanieleza.

Mwaka ule wa 2004 alikuwa mtunza bustani wa mama mmoja mjane, hapo hapo Muthangari. Nyumba yenyewe haipo tena, pamejengwa fleti. Yule mama alikuwa anamwozesha binti yake, na upande wa mume walikuwa waje kwa ruracio, kuleta mahari, hema lisimamishwe juu ya nyasi za uani. Nyasi hizo zilikuwa fahari ya Ephantus. Zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya sherehe, pampu yake ya kubeba mgongoni ikaharibika. Akaazima ya mtunza bustani wa jirani, akaitia mbolea ya maji, akanyunyiza ua mzima. Hakuisuuza. Jirani alikuwa ameitumia kuulia magugu kwenye changarawe, na dawa ilikuwa imebaki ndani. Dawa ile haina haraka. Siku ya nane nyasi zikaanza kuwa manjano, kwa mistari mistari, upana ule ule ambao mkono wake huzunguka akinyunyiza.

"Hapo bado sikuwa nimetenda dhambi," aliniambia. "Hapo nilikuwa mjinga tu. Kuna kosa na kuna dhambi, Mwalimu. Mimi najua mpaka ulipo, kwa sababu niliuvuka kwa miguu yangu."

Aliiona mistari kabla mwajiri hajaamka. Akachukua reki, akaikwaruza mpaka ikachanganyika isijulikane. Kisha akaenda kwenye sinki la nje, mahali Nanjala alipofulia, akachukua chupa ya Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akamwaga sehemu tatu nne ili panuke. Nanjala alikuwa msichana wa kazi, miaka ishirini na miwili, wa kutoka Kimilili, na alikuwa ameshakatazwa mara mbili kumwaga maji ya kufulia kwenye nyasi. Mwajiri alipotoka na kuanza kupiga kelele, Ephantus hakumtaja mtu. Alisema tu, "Mama, hapa kunanuka Jik."

Nanjala alifutwa kabla ya chai ya saa nne. Mwajiri akawapigia simu wanawake wa barabara ile nzima ili asipate kazi hata nyumba moja.

"Nilimbebea begi mpaka barabarani," Ephantus akasema. "Akanishika mkono. Akaniambia, Baba Shiko, Mungu akubariki, kwa hii nyumba ni wewe tu umekuwa mtu kwangu."

Meza ya Bwana ilikuwa wiki mbili baadaye. Alikaa mahali pake pa kawaida. Kikombe kilipomfikia akakipitisha kwa jirani. Mwezi uliofuata akaomba kazi ya kuosha vikombe, na amekuwa nayo hadi leo.

Sasa ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Mama yangu mzazi alifanya kazi za nyumba Lavington miaka kumi na saba, na ninajua begi la mtu aliyefutwa kazi linavyofungwa, nguo zikisukumwa ndani bila kukunjwa. Niliinuka kutoka kwenye ile ndoo nikaondoka bila kuaga. Njiani nilikuwa nikijisemea kwa sauti hata mlinzi wa lango moja akaniuliza kama niko sawa. Vikombe mia tatu na hamsini! Anavifuta mpaka ving'ae, na mtoto wa watu alitembezwa barabarani kwa uongo wake.

Hasira yangu ilidumu siku tatu. Siku ya nne swali likaanza. Kama ametubu, mbona hali? Na kama hajatubu, mbona anaosha? Nikarudi kitaluni.

"Uliwahi kutubu?" nikamwuliza kabla hata ya salamu.

"Nilitubu. Mwaka wa 2009 nilimwambia mchungaji wa wakati ule. Alinisikiliza, akaniombea, akasema Mungu amefuta. Nilimwamini, Mwalimu, na naamini mpaka leo. Lakini Nanjala hajui kama kuna kitu kilifutwa. Nikikaa pale nile mkate wa upatanisho, nitakuwa nimepatana na Mungu kisogoni mwa Nanjala."

Hilo nililijua lilikotoka. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba mtu akikumbuka amemkosea mwenzake, aache sadaka yake pale alipo, aende kwanza akapatane naye. Sadaka Ephantus aliiacha. Kwenda ndiko hakwenda.

"Basi mbona hukumtafuta?"

Akachuma jani lililokauka kwenye mlimau. "Najua aliko."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Nilipeleka miche kwenye maonyesho ya Jamhuri Park. Ana kibanda cha chakula kando ya ua wa uwanja. Nilimtambua kwa sauti. Nikapanga foleni. Walipobaki watu watatu mbele yangu, nikatoka."

"Miaka mitatu! Kutoka hapa hadi Jamhuri ni mwendo wa saa moja kwa miguu, Ephantus!"

"Akininyima msamaha je?" akauliza. Halafu akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku hiyo. "Kujinyima Meza ilikuwa rahisi, Mwalimu. Ukijinyima unajiona unafanya kitu."

Nilimuuliza anataka nini hasa. Akasema anataka kula. Miaka yote hiyo, akisikia watu wakiinua vikombe vile kwa pamoja na kuvirudisha kwenye trei, hulia pale jikoni na kufungua bomba ili wahudumu wasisikie. Anataka kula kabla hajafa, lakini anataka ale Nanjala akiwa amejua. Nikamwambia avue gambuti, avae viatu, tunakwenda Jumanne. Meza ilikuwa Jumapili ya wiki hiyo hiyo.

Tulifika saa nne, kabla ya watu wa chakula cha mchana. Kibanda ni cha mabati, kimepakwa rangi ya samawati, kina benchi mbili na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki. Nanjala alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa. Ni mwanamke mnene wa miaka arobaini na mitatu, ana mikono yenye nguvu, na huimba anapopika. Alitutupia jicho kama anavyowatupia wateja wote. Kisha mwiko ukasimama.

"Aki! Baba Shiko? Ni wewe?"

Alizunguka jiko akamkumbatia Ephantus hata kofia ikaanguka. "Umezeeka! Shiko ako wapi? Mama Shiko je?" Akanigeukia mimi. "Mum, huyu mtu unamwona, huyu alinibebea begi siku nimefukuzwa. Hiyo siku nililia mpaka Kimilili, lakini nilikuwa nasema, angalau kuna mtu alinibebea begi. Kaeni! Mtakunywa chai?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze, na hata haikuwa dhambi yangu. Ephantus aliokota kofia yake, lakini hakuketi.

"Nanjala," akasema, "ile Jik nilimwaga mimi."

"Jik gani?"

"Ya siku ile. Nyasi niliziua mimi kwa pampu ya kuazima, sikuisuuza. Nikaona. Nikachukua Jik yako nikamwaga, ndio mama afikirie ni wewe. Wewe hukufanya kitu."

Alisema hivyo tu, bila kuongeza neno la kujitetea. Nimesikia watu wengi wakiungama kanisani, na wengi hutuanzia mbali, shetani huku, ujana kule. Huyu alitaja pampu.

Nanjala hakupiga kelele. Alirudi kwenye ugali wake, akausonga, akaugeuza, akaupiga kwa mwiko pande zote. Nikaanza kusema kitu, akaniinulia kiganja. Nilikuja kujua baadaye kwamba Nanjala ni wa kanisa la Friends, na hao kunyamaza kwao ni kazi, si aibu. Tulisimama pale hadi ugali ukaiva.

"Yule mama," hatimaye akasema, "mimi nilifikiria ni yeye alitunga. Nilifikiria alitaka tu kunitoa. Nilimchukia mpaka nikagonjeka. Nikasikia amekufa nikacheka. Nilicheka, Baba Shiko, nikiwa kwa jikoni ya watu, sahani kwa mkono. Halafu hiyo kicheko ikaniogopesha. Nikaanza kuomba Mungu anitolee huyo mtu kwa roho. Unajua ilinichukua miaka ngapi kumsamehe? Miaka tisa. Nilimsamehe, nikamaliza, nikapumzika." Aliufunika ugali. "Sasa unakuja kuniambia hiyo kazi yote nilikuwa nafanyia mtu mwenye alidanganywa kama mimi?"

"Ndiyo," Ephantus akasema.

"Na unataka nini?"

"Unisamehe. Mimi sijakula Meza ya Bwana tangu hiyo siku. Nilisema siwezi kula kama hujajua. Kama hujanisamehe."

Hapo ndipo Nanjala alipokasirika. Aliuweka mwiko chini polepole sana.

"Kwetu hatuna hata hiyo meza," akasema. "Friends hatukuli mkate kanisani. Tunakaa kimya tu. Sasa wewe unataka mimi nikupe ruhusa ya kitu chenye sina? Sikiza, Baba Shiko. Miaka ishirini na moja nimebeba Jik yako na sikujua ni yako. Leo unataka nibebe na mkate wako? Ati usipokula ni juu ya Nanjala? Hapana. Kula ama usikule. Hiyo ni ya wewe na Mungu. Mimi usinifanye mlango."

Wafanyakazi wa mjengo walianza kuingia. Akaniwekea mimi kikombe cha chai mezani. Ephantus hakupewa. Nilikinywa kwa haraka mpaka kikaniunguza ulimi, tukaondoka.

Tukafika kwenye mataa ya Ngong Road. Nilimwona amekunja mabega kama mtu aliyenyeshewa, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. "Hakunisamehe," akasema. "Basi imekwisha, Mwalimu. Nitaosha vikombe tu." Nikamwambia mambo hayajakwisha mpaka mimi nielewe, na mimi nilikuwa sijaelewa. Nikampeleka moja kwa moja kwa mchungaji.

Mchungaji wetu anaitwa Kivuva, hana hata miaka arobaini, na huwa anakula karanga ofisini akidhani hatujui. Tulimweleza yote. Nikamwuliza kile kilichokuwa kinanikera: "Mungu anaweza kumsamehe mtu kabla ya yule aliyekosewa? Na kama anaweza, si anamruka Nanjala?"

Kivuva alifikiri. Nilimpenda kwa sababu alifikiri kweli. "Kama Ephantus angekula bila kumwendea Nanjala, huku anajua aliko, angekuwa amemruka," akasema. "Lakini amekwenda. Amesema ukweli mbele ya shahidi. Mungu hamlazimishi Nanjala afuate saa ya Ephantus. Wala hamfungi Ephantus kwa saa ya Nanjala."

"Lakini sistahili," Ephantus akasema.

"Mzee, tukingoja wanaostahili, hiyo meza itakuwa na mkate na kitambaa tu. Hata mimi ninayeumega sitakuwepo. Wewe ulidhani unajinyima ili Mungu aone. Nani alikuambia Mungu anashiba njaa yako?"

Ephantus alivua kofia yake. Kisha akasema kitu ambacho kilinionyesha kwamba Nanjala alikuwa amemfikia kuliko sisi sote. "Alisema nisimfanye mlango," akasema. "Nilikuwa nimemfanya mlango kweli. Na hata sikumwuliza alivyoishi."

Alhamisi mimi nilirudi Jamhuri peke yangu. Nilijiambia ninakwenda kula ugali na mboga za managu. Nanjala alijua nilichofuata.

"Mum, umekuja kunichunguza," akasema.

"Nimekuja kula."

"Kula basi." Akanipakulia. Wateja walipopungua akaja kukaa ng'ambo ya meza, akaanza kuchambua dengu. Akaniuliza hiyo Meza yetu hufanywaje, nani huukata mkate, kama watu huongea au hunyamaza. Nikamweleza. Aliposikia nani huosha vikombe aliinua macho. "Vingapi?" Nikamwambia. "Na hajakula hata mara moja?" Hata mara moja. Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye dengu.

"Mimi simfurahii," akasema. "Nisikudanganye. Nikilala namwona na hiyo chupa. Kama ningekaa kwa ile kazi, dada yangu mdogo angemaliza shule. Unajua hiyo? Yeye pia hajui." Halafu akaniuliza Meza ni lini, nikasema Jumapili, akaniomba namba ya simu. Sikumwuliza ya nini, na yeyote anayenijua atajua nilivyojikaza.

Jumamosi Ephantus aliosha vikombe. Jumapili, nikiwa nimesimama mlangoni na kikapu, alikuja amevaa suti aliyovaa kwenye mazishi ya mkewe, akiwa na kadi mkononi. Aliishika kidogo kabla ya kuiachia. Akaenda kukaa benchi ya nne upande wa madirisha.

Wilaya yetu ndiyo iliyohudumu siku hiyo, kwa hiyo trei ya mkate niliibeba mimi. Nilipokaribia benchi yake, nakiri, ile hasira ya siku ya kwanza ilinirudia tena kifuani. Niliona begi. Niliona msichana anashukuru. Nilisimama mbele yake na trei na nusu nafsi yangu ikasema, mpitishe. Kisha nikakumbuka kwamba mkate ule si wangu, na kwamba hata mimi siku hiyo nilikuwa nimeingia kanisani nikiwa sijazungumza na dada yangu tangu Krismasi. Nikamshushia trei.

Hakuchukua. Aliniangalia. "Mwalimu," akanong'ona, "nimesahau. Tunakula mara moja, ama tunangojana?"

"Tunangojana," nikamwambia.

Akachukua kipande kimoja, kidogo kabisa, cha pembeni. Tukangojana. Mchungaji aliposema tule, Ephantus alikula huku machozi yakimshuka wazi, na safari hii hapakuwa na bomba la kufungua. Kikombe alikishika kwa mikono miwili. Wazee wengine walinitazama wakitaka kujua kuna nini, na mimi, kwa mara moja maishani mwangu, niliwaacha na swali lao.

Saa tisa alasiri nikiwa nyumbani nimevua viatu, simu ililia.

"Ni Nanjala. Alikula?"

"Alikula."

Nilisikia watu wakiimba mbali, nadhani bado alikuwa kanisani kwao. Zamani ningemharakisha. Nilingoja.

"Sawa," akasema. "Mwambie aje Jumanne, kabla watu wa lanchi. Ile siku alikuja kuchukua kitu. Sasa ameshakula, hana kitu ya kuchukua. Aje akae, nimwambie hiyo miaka ilikuwa vipi. Moja moja. Na asinikatize."

Nilimpigia Ephantus papo hapo. Nilimpa ujumbe neno kwa neno kama nilivyoupokea.

"Alisema amenisamehe?" akauliza.

"Hapana. Hakusema."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nitaenda," akasema.